Azimio la Kumi na Tano

Kila Jumatano saa tatu asubuhi nilitoka Temple Hills kwenda Sterling, Virginia. Ni mwendo wa dakika hamsini siku ambayo barabara imekubali, na saa moja na nusu siku ambayo imekataa. Kwa hiyo nilifika mapema mno au nimechelewa, na sikumbuki hata siku moja niliyofika kwa wakati. Mimi ni mtu wa kadi na namba. Jambo kama hilo hunikosesha raha mpaka jioni.

Nyumba yenyewe haikunituliza. Iko upande ambao ndege zinashuka kuelekea uwanja wa Dulles, na nyuma ya uzio kuna majengo marefu yasiyo na madirisha, yale ya kuhifadhi data, yanayovuma mchana kutwa. Na ndani ya nyumba kulikuwa na mzee asiyeweza kukaa. Alizungumza akitembea: sebuleni, jikoni, sebuleni tena. Nilijifunza kuweka simu ya kurekodia katikati ya njia yake, juu ya rafu ya vikombe, ili inase maneno akienda na akirudi.

Alikuwa na miaka themanini na moja, Mtamili aliyezaliwa Tanga. Baba yake alitoka mkoa wa Madras, kusini mwa India, enzi za Mwingereza, akaja kuwa karani wa bandari. Yeye mwenyewe alifanya kazi reli mpaka akastaafu, kisha binti yake akamleta Virginia. Kitamili alikipata kwa mama yake, nyumbani, kidogo kidogo. Kiingereza chake kilikuwa cha ofisini, kizuri kwa barua na kigumu kwa yaliyomo moyoni. Lugha aliyoweza kucheka na kukasirika nayo ilikuwa Kiswahili. Ndiyo sababu alinitafuta. Niliwahi kuwa mwandishi wa habari Mombasa, na huku ni mkalimani wa hospitali. Siku moja alinisikia nikimkalimania mgonjwa wa Bukavu, akanifuata mpaka kwenye lifti.

"Bibie, wewe wa wapi?"

"Mombasa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mombasa si kitu," akasema, "utafaa hivyo hivyo."

Kazi ilikuwa hii. Mjukuu wake wa kike alikuwa anaolewa baada ya miezi minne. Mzee alitaka kijitabu kuhusu babu yake mzaa baba, ili akikabidhi kwa watu wa bwana harusi kabla ya siku yenyewe. Yeye angesema kwa Kiswahili, mimi ningeandika, mjukuu angekitia Kiingereza. Na siku ya kwanza kabisa, kabla sijavua koti, aliniambia kwa nini kijitabu hicho kilimnyima usingizi. Bwana harusi alitoka katika jati iliyokuwa chini kabisa, watu ambao zamani hawakuruhusiwa kuguswa wala kuchota maji kisima kimoja na wengine.

"Huku Amerika haya hayaonekani," alisema akielekea jikoni. "Lakini ndugu wa marehemu mke wangu wamepiga simu kutoka India. Wameuliza. Kijana hajui wameuliza, mama yake anahisi. Nataka yule mama ajue mtoto wake anaingia nyumba gani. Babu yangu alipigana na jati maisha yake yote. Hilo tu. Nataka alisome hilo."

Niyaeleze mambo yenyewe kama nilivyoelezwa. Jati ni tabaka la kuzaliwa. Hulichagui na huwezi kulihama. Katika mkoa ule wa Madras, Mwingereza alipofungua ofisi na shule, waliojaza viti walikuwa Wabrahmini, jati ya makuhani na wasomi. Walikuwa wachache kati ya watu wote, lakini ukienda mahakamani hakimu ni wao, ukienda bomani karani ni wao, ukipeleka mtoto chuoni mwalimu ni wao. Basi wasio Wabrahmini, yaani wenye mashamba, wafanyabiashara, wafumaji, wakaunda chama chao. Wakadai kazi za serikali zigawanywe kwa kila jati, na Mwingereza aliporuhusu watu wenye mali kupiga kura, wakashinda. Wabrahmini wengi walikuwa upande wa pili, katika chama cha kudai uhuru. Kwa hiyo huku walikuwapo waliompinga Brahmini wakimwegemea Mwingereza, na kule waliompinga Mwingereza wakiongozwa na Brahmini, na kila upande ulimwita mwenzake msaliti. Babu wa mzee wangu alikuwa katibu wa tawi la wasio Wabrahmini katika mji mdogo wa soko.

Alichorithisha ni vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la kumbukumbu za mikutano ya tawi, la jalada la kitambaa, lililovuka bahari ndani ya sanduku la bati na baadaye likaja Virginia ndani ya begi la mkononi. Cha pili ni sauti. Tawi lilikuwa na chumba cha kusomea, na kila jioni katibu aliwasomea wanachama gazeti. Katika ukoo wanasema sauti yake ilifika mtaa wa tatu. Mzee aliisimulia hadithi hiyo karibu kila Jumatano, na kwa sauti hiyohiyo, kwani wote nyumbani kwake wanazungumza kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Mjukuu wake, aliyefanya kazi kwenye kompyuta yake mezani jikoni, aliziba sikio moja.

"Babu, unapiga kelele," alimwambia kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa, kukisema hataki.

"Sipigi kelele. Nina sauti. Hii ni mali ya urithi."

Tulikwenda vizuri kwa wiki nyingi. Mzee alishika daftari mkononi, akasoma Kitamili kimoyomoyo, midomo ikitikisika, kisha akanipa Kiswahili chake. Maazimio yaliandikwa kwa namba, jambo lililonifurahisha mno, na kila azimio nililipa kadi yake. La tatu lilipeleka simu ya maandishi kwa gavana kulalamika kwamba makarani wapya wote wa boma ni Wabrahmini. La saba lilihusu chumba cha kulia katika stesheni ya treni, ambamo Wabrahmini walikuwa na upande wao nyuma ya ubao, na tawi lilitaka ubao ung'olewe. La tisa lilimwonya mwanachama mmoja anayelala na kukoroma wakati gazeti linasomwa. La kumi na moja, la kumi na mbili na la kumi na tatu yote yalikuwa ugomvi mmoja: nani agombee kiti cha baraza la wilaya, mtu wa mashamba au mfumaji. Wafumaji walisusia mikutano miwili. Walirudi baada ya kuahidiwa kiti kingine, ambacho mtu wa mashamba akakichukua pia.

"Unaona hawa?" mzee alicheka, akimimina kahawa kutoka bilauri moja ya stili kwenda nyingine, akiinua mkono juu kabisa ili povu lipande. "Wameungana dhidi ya Brahmini. Brahmini akitoka chumbani tu, wao kwa wao."

"Kama chama cha ushirika cha Tanga," nilisema.

"Kama arusi ya Mombasa," akanijibu.

Alhamisi moja nilikuwa nyumbani Temple Hills, nikipanga kadi juu ya meza. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Nikadhani imeanguka. Nikainama chini ya meza, nikaangalia ndani ya mkoba na kwenye gari. Kisha nikarudi kwenye rekodi. La kumi na nne lilihusu kununua taa mpya. Baada yake kulikuwa na ukurasa unageuzwa, hatua tatu, kikohozi kikavu, ndege ikipita. Halafu: "Azimio la kumi na sita, mafuta ya taa." Nilisikiliza mara nne. Katika miezi yote ile mzee hakuwahi kukohoa.

Siku sita zilizofuata sikukaa vizuri. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Jumatano nilitoka saa mbili badala ya saa tatu, nikafika mapema mno, nikazunguka mtaa wao kwa gari kama mtu anayetafuta nyumba ya kuibia.

"Mzee," nilimwambia baada ya salamu, "la kumi na tano liko wapi?"

"Halisomeki. Wino umeingia maji."

"Naomba nione."

Alinionyesha, nadhani kwa sababu alijua kwamba sisomi Kitamili. Sisomi, lakini macho ninayo. Wino ulikuwa mweusi, safi, mistari sita imenyooka kama imeandikwa jana.

"Hii haina maji."

"Nyinyi wa Mombasa ni udaku tu."

"Mimi naandika ninachosomewa, mzee. Ukiruka, mimi nimeruka."

Alitembea mpaka jikoni na kurudi, mara mbili. Alipozungumza hakunitazama. "Fanya hivi. La kumi na sita liwe la kumi na tano. La kumi na saba liwe la kumi na sita. Nani atajua?"

"Sibadilishi namba. Nitaiacha kadi hiyo wazi: kumi na tano, halikusomwa."

"Yaani uweke tundu katikati ya kitabu changu! Yule mama ndiye mtu wa kwanza atakayeliona. Anafundisha hesabu, huyo! Atauliza ndani ya tundu kuna nini."

"Ndani kuna nini?"

"Kuna mjukuu wangu," alisema kwa sauti ya chini kabisa. Halafu akaniambia kazi ya leo imekwisha. Ilikuwa saa nne na robo.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa safi. Kwenye simu yangu nilikuwa na picha za kurasa zote za daftari. Huwa napiga kabla ya kazi kuanza, kwa kumbukumbu. Hospitali tunaye nesi Mtamili katika wodi ya moyo. Ijumaa mchana nilimkuta kwenye meza za chakula. Nikaketi mbele yake, nikafungua picha ile, nikaikuza mpaka mistari sita ikajaa kioo. Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinizuia. Nesi aliitwa wodini, akaondoka na sambusa yake mdomoni. Nilibaki na simu mkononi, nikiyatazama maandishi ambayo kwangu yalikuwa kama bati lililotobolewa tobolewa. Ndipo nilipofahamu nimekaa wapi miezi yote ile. Kila nilichojua kuhusu chumba kile nilikijua kwa kinywa cha mtu mmoja, na yeye ndiye aliyechagua nisikie nini. Nikafunga simu. Wiki nzima sikumpigia, naye hakunipigia.

Jumatano iliyofuata nilikwenda tu, bila kujua kama mlango utafunguliwa. Ulifunguliwa na mjukuu. Mzee alikuwa ameketi. Sijawahi kumkuta ameketi.

"Weka simu yako," alisema. "Hapa mezani, karibu. Leo sitembei."

Alivaa miwani, akasoma kimoyomoyo kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesomea karani:

"Azimio la kumi na tano. Watu wa kitongoji cha nje wameomba kuingia katika chumba cha kusomea, wakisema na wao si Wabrahmini. Jambo limejadiliwa. Imekubaliwa kwa kauli moja kwamba kwa sasa wasiingie. Dirisha la magharibi liachwe wazi, na katibu asome kwa sauti kubwa zaidi, ili wasikie wakiwa nje. Limependekezwa na katibu."

Mjukuu aliacha kuchapa: kitongoji cha nje ndiko walikokaa watu wa jati ya mchumba wake. Niliona ameelewa, na niliona anangoja mtu amwambie kwamba hakuelewa.

"Sauti," alisema mzee. "Ile ya mtaa wa tatu."

Ndege mbili zilipita, moja nyuma ya nyingine.

"Na kuna jingine sijawaambia. Siku yule mama alipokuja mara ya kwanza, nilimpa hadithi ya sauti. Kwa majivuno. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, kwa adabu sana: na hao wa mtaa wa tatu, kwa nini hawakusogea karibu? Nikamwambia ale wali, unapoa." Alivua miwani. "Wakati ule sikulijua hili azimio. Nimeliona nikikusomea wewe, bibie, hapo jikoni, nimesimama. Jibu la swali lake. Nikakohoa."

Mjukuu alimuuliza kwa Kiingereza atafanya nini sasa. Alisema kama mtu anayeogopa majibu yote mawili.

"Anakuja Jumapili kula," alijibu mzee. "Nitamsomea mwenyewe. Akiondoka, aondoke akijua. Wewe mwanangu, kama hutaki, sema sasa."

Mjukuu alivuta uzi kwenye mkono wa sweta yake. "Nataka," akasema hatimaye. Na akalisema kwa Kiswahili.

Mimi nilialikwa ili niwepo na kadi zangu. Jumapili barabara ilikubali, nikafika mapema, nikakaa garini dakika ishirini nikiitazama saa. Mama wa bwana harusi alikuwa ameshafika kutoka Bowie, anakofundisha hesabu shule ya sekondari. Mwanamke mwembamba wa makamo, sari ya kijivu, viatu vya michezo. Amekulia mashambani katika nchi ileile ya daftari. Alizungumza kwa sauti ndogo, na katika nyumba ile ilibidi kila mmoja anyamaze ndipo asikike.

Mzee hakuweza kungoja chakula kiishe. Sahani zikiwa bado mezani alisimama, akalichukua daftari, akaeleza kwa Kiingereza kwamba siku ile aliulizwa swali na hakulijibu. Alianza kusoma Kitamili kwa sauti yake ya kila siku, akitia kila mstari Kiingereza. Alipofika kwenye dirisha ikamshuka, na mstari wa mwisho, ule wa katibu, nusura nisiusikie. Akaketi. Mjukuu alikuwa ameshika kijiko kama kalamu.

Yule mama akanyoosha mkono. "Naweza kuliona?"

Alilisoma azimio kwa kidole, mstari kwa mstari, upesi kuliko mzee alivyowahi kusoma ukurasa wowote mbele yangu. Akarudi juu, akasoma tena.

"Umekosea mahali pamoja, mzee," alisema. "Si kwa kauli moja. Hapa pameandikwa: kwa wingi wa kura, mmoja amepinga."

Mzee aliinuka nusu kitini. "Nani?"

"Mfumaji. Jina lipo." Alimtazama moja kwa moja. "Si babu yako."

"Hapana," alisema mzee. "Babu yangu ndiye aliyependekeza."

"Ndiyo."

Nilitoa kadi ya kumi na tano, nikakata maneno mawili, nikaandika juu yake. Kadi hiyo ninayo mpaka leo, mbaya kuliko zote.

"Kila mahali palikuwa na chumba cha namna hii," yule mama aliendelea, sasa akituambia sote. "Cha kijijini kwetu kilikuwa cha chama kingine, cha uhuru. Dirisha ni lilelile. Babu yangu alisimama nje kila jioni miaka mingi. Alikuwa anasema kwamba msomaji akikuta habari inayotuhusu sisi, alikuwa anakohoa na kugeuza ukurasa. Kwa hiyo wao walihesabu vikohozi. Wakirudi nyumbani wanaambiana: leo kulikuwa na habari tatu zetu."

Mjukuu alicheka kwa ghafla, kisha akajiziba mdomo. Yule mama naye akatabasamu kidogo, na ni tabasamu hilo lililomfanya mzee afute uso kwa kitambaa cha meza bila kujua kwamba ni kitambaa cha meza.

"Kitabu kitatoka na azimio hili?" aliuliza yule mama.

"Litatoka. Na namba yake."

"Na mfumaji?"

"Na mfumaji."

Aliitikia kwa kichwa. Alidhani amemaliza, akataka kumrudishia daftari. Mzee hakulipokea. Alilisukuma kwa vidole viwili likarudi mbele yake.

"Kuna kurasa themanini bado," alisema. "Kitamili changu umekisikia. Soma wewe, utie Kiingereza. Bibie ataandika, nami nitakuwa nasikiliza."

Yule mama alimtazama mjukuu, kisha akanitazama mimi na kadi zangu. Akasogeza sahani pembeni, akafungua ukurasa, akaanza na la kumi na sita, mafuta ya taa, kwa sauti yake ileile ndogo. Mzee aliinamisha sikio. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Hakumwambia apandishe. Alishika kiti chake kwa mikono miwili, akakiburuta sakafuni kuizunguka meza mpaka kikagota kwenye kiti chake yule mama, akaketi, akanyamaza.